Daftari la Zizi: Furaha na Hasara za Majira ya Kuzaa Kondoo

Wazee walisema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Makarani wanaosoma ukurasa huu hawana haja ya kufundishwa maneno hayo, kwa kuwa daftari ndilo jembe lao. Lakini sisi wakulima, tulio wengi, twahesabu mifugo yetu kwa macho, na macho hupenda kuona yale yanayofurahisha. Mfugaji akiulizwa kondoo wake wamezaa wangapi, hujibu upesi. Akiulizwa ni wangapi waliokufa, na kwa sababu gani, hukohoa kwanza.

Mimi nami nilikuwa mmoja wa hao wanaokohoa, mpaka mwaka 2024 nilipoazimu kuandika kila jambo litakalotokea katika zizi langu, tangu kondoo wa kwanza azae hata wa mwisho aachishwe ziwa. Daftari lenyewe lilikuwa la shule, nililoomba kwa binti yangu mwenye umri wa miaka 10. Yafuatayo nimeyatoa humo. Siyaleti mbele yenu kwa kujisifu, maana mtaona hapana sifa nyingi, bali kwa kuwa naamini hasara iliyoandikwa yaweza kufundisha, na hasara iliyosahauliwa hurudi mwaka wa pili.

Shamba langu liko Kinangop, uwanda wa juu ulio kati ya milima ya Nyandarua na Bonde la Ufa. Mtu akisimama ukingoni upande wa magharibi huliona Ziwa Naivasha likimetameta chini kabisa. Nchi hii iko zaidi ya mita 2,400 juu ya bahari, na baridi yake si ya mzaha. Ni nchi ya viazi, kabichi, maziwa na kondoo wa sufu. Ekari zangu ni 5, na majike wangu mwaka ule walikuwa 16, mchanganyiko wa damu ya Corriedale, aina iliyozalishwa New Zealand ili mfugaji apate sufu na nyama kwa mnyama mmoja. Kijana wangu wa kwanza alikuwa kidato cha tatu, na karo yake ya Januari 2025 ilikuwa bado imo matumboni mwa kondoo hao.

Kazi huanza kabla ya kuzaa

Kondoo huchukua mimba siku 147 hivi, yaani karibu miezi 5. Kwa hiyo mfugaji ndiye achaguaye majira ya kuzaa, siku ile amwingizapo dume kundini. Nilimwingiza dume wangu tarehe 1 Novemba 2023, ili watoto wazaliwe kuanzia mwisho wa Machi, mvua za masika zikiwa zimeanza na majani mabichi yakiwatia mama zao maziwa. Katika karatasi hesabu hiyo ilikuwa njema. Lakini karatasi haili majani.

Januari, Februari na Machi kwetu ni miezi mikavu, na hiyo ndiyo miezi ambayo mimba hukua. Mwana-kondoo hupata zaidi ya theluthi mbili ya uzito wake wa kuzaliwa katika wiki 6 za mwisho. Wakati huo huo tumbo la mama hubanwa, asiweze kula majani mengi kwa mara moja. Kama amebeba mapacha, mwili wake huanza kula mafuta yake mwenyewe, na mafuta yakiyeyuka kwa kasi humgeuka sumu. Yapasa basi kumwongezea chakula chenye nguvu, kama pumba au mahindi kidogo, kila siku.

Nilikuwa na gunia moja na nusu la pumba. Niligawa sawasawa kwa wote 16, kama mtu agawaye chakula arusini. Niliona kwamba hiyo ndiyo haki. Palikuwa na jike mzee tuliyemwita Bibi, aliyenizalia mapacha miaka 3 mfululizo, na tumbo lake lilikuwa limeshuka pande zote mbili. Kila mtu aliyepita alisema Bibi ana mapacha tena. Nilisikia, nikacheka kwa furaha, wala sikumwongezea hata kopo moja.

Mwenye kulala na mwenye kukesha

Wa kwanza kuzaa alizaa tarehe 29 Machi, mchana, jua likiwaka. Msomaji ambaye hajaona jambo hilo, na aende akalione. Mtoto huanguka akiwa ameloa na rangi ya manjano, hatikisiki, nawe wadhani amekufa. Kisha hupiga chafya. Mama humgeukia akamlamba toka puani hata mkiani, huku akitoa sauti ya chini ya kooni ambayo haitoi wakati mwingine wowote. Haupiti muda mrefu mtoto huinuka, huanguka, huinuka tena, huku miguu minne ikitaka kwenda njia nne. Akishaipata chuchu, mkia wake huanza kucheza. Binti yangu alipiga makofi, nami nikaandika mstari wa kwanza katika daftari: jike, mzima, amenyonya.

Wanne wa mwanzo walizaliwa hivyo, nami nikaanza kujiona bingwa. Kisha zikaja mvua za Aprili. Wasomaji wa Kenya wanazikumbuka mvua za mwaka 2024, zilizoleta mafuriko na kuua watu sehemu nyingi za nchi. Kwetu juu hapakuwa na mafuriko makubwa, ila matope na baridi usiku na mchana.

Usiku wa tarehe 5 nililala. Saa nane nilisikia mvua juu ya mabati nikajifunika vizuri zaidi. Asubuhi nilimkuta jike mmoja nje ya banda na mapacha wake, mmoja amesimama chini ya tumbo lake, wa pili amelala matopeni, baridi kama jiwe. Alikuwa ameumbika vizuri, hana kasoro hata moja. Mtoto aliyeloa hupoteza joto upesi kuliko awezavyo kulitengeneza, na kama hakupata maziwa, hana kuni za kuwasha moto wake. Nikaandika: dume, amekufa kwa baridi. Mke wangu akasoma juu ya bega langu, akasema, "Andika pia kwamba mwenyewe alikuwa amelala." Nikaandika.

Tangu siku hiyo tulikesha kwa zamu.

Usiku wa tarehe 9 Aprili

Jioni ya tarehe 9 Bibi alizaa mapacha, jike na dume. Aliwalamba wote wawili, lakini akiwa amelala, wala hakuinuka. Nilimwegemeza, nikamletea pumba ile niliyomnyima zamani, naye akageuza uso. Wakati huo huo jike mwingine, aliyekuwa akizaa kwa mara ya kwanza, alikuwa akihangaika kwenye kona. Chupa ya maji ilikuwa imepasuka zamani, lakini hakikutokea kitu ila pua ya mtoto na mguu mmoja.

Mtoto wa kondoo yapasa atangulize miguu miwili ya mbele, na pua juu yake, kama mtu anayeruka majini. Akitanguliza mguu mmoja tu, bega la pili huziba njia. Ikiwa saa nzima imepita na mama anasukuma bure, hapana budi kumsaidia: kunawa mikono kwa sabuni mpaka kiwikoni, kupaka mafuta safi, kumrudisha mtoto nyuma taratibu mama anapopumzika, kuutafuta mguu uliokunjika na kuuleta mbele huku kwato imefunikwa kwa kiganja isimchane mama. Mambo haya niliyajua kwa kuyasikia. Mikono yangu haikuyajua. Nikamtuma binti yangu na tochi kwa jirani yetu, mzee aliyechunga kondoo wa masetla alipokuwa mvulana, kabla nchi hii haijagawiwa wakulima wadogo katika miaka ya 1960.

Mzee alikuja na koti lake la mvua, akanawa, akafanya kazi ile kwa muda usiozidi dakika chache. Mtoto akatoka, lakini alikuwa amekwisha kufa. "Ungaliniita saa moja mapema," alisema, bila ukali. Kisha akamtazama Bibi, akagusa masikio yake, akanusa pumzi yake, akatikisa kichwa. "Huyu naye amechoka. Tukamue maziwa yake angali hai."

Tukamkamua maziwa ya kwanza, yale mazito ya manjano yaitwayo dang'a. Hayakufika nusu kikombe. Kabla ya alfajiri Bibi alikata roho, kichwa chake juu ya magoti ya mke wangu. Sioni haya kusema kwamba nilitoka nje.

Niliporudi, mzee alikuwa amemchuna yule mtoto aliyezaliwa mfu. Aliikata ngozi ile kama fulana, yenye matundu manne ya miguu, akamvika mtoto jike wa Bibi, kisha akamweka mbele ya yule mama mchanga aliyefiwa. Mama alimnusa mkiani. Akapiga mguu chini. Akanusa tena. Tukanyamaza wote. Kisha ikatoka ile sauti ya kooni, na mtoto akaingiza kichwa chini ya kiwele. Baada ya siku 3 tuliivua ngozi ile, wala mama hakujua tofauti, au kama alijua hakujali.

Yule wa pili, dume, hakuwa na mama wa kumpa. Mzee alimkabidhi binti yangu, akamwambia, "Huyu ni wako, mjukuu wangu. Ukilala, naye atalala, lakini yeye hataamka."

Maziwa ya kwanza ni nusu ya uhai

Hapa naomba msomaji asikilize vizuri, kwa kuwa jambo hili ndilo linalookoa wengi. Mwana-kondoo huzaliwa bila kinga ya magonjwa katika damu yake. Kinga yote hutoka katika dang'a, na utumbo wake huweza kuipokea siku ya kwanza tu; baada ya hapo mlango hufungwa. Mtoto wa kilo 4 yafaa apate karibu mililita 200 katika saa za kwanza, na zaidi ya hizo mara tatu kabla siku haijakwisha. Kama mama yake hana, kamua jike mwingine aliyezaa karibuni, au tumia dang'a ya ng'ombe. Sisi tuliongezea ya yule mama mchanga.

Lakini mtoto aliyepoa hata hawezi kuinua kichwa asimiminiwe maziwa mdomoni, maana yatakwenda mapafuni. Mkaushe kwanza, mpashe moto mpaka aweze kumeza, ndipo umnyweshe. Kitovu nacho kipakwe iodini mara tu azaliwapo, kwa sababu kitovu kibichi ni mlango wa vijidudu.

Vilevile kagua kiwele cha kila jike kabla hujamwingiza dume. Mimi sikukagua. Tarehe 17 alikufa pacha mwingine, wa siku 3. Niliwaona wote wawili wakinyonya na mikia ikicheza, nikadhani wote washiba. Kumbe chuchu moja ya mama yao ilikuwa imekufa tangu msimu uliopita, na mdogo alikuwa akinyonya ngozi tupu. Tumbo lake lilikuwa limeshikamana na mgongo.

Hofu kutoka bondeni

Tarehe 22 jike mmoja alitupa mimba kabla ya siku zake. Mvua ilikuwa nyingi na mbu walikuwa wengi, nami nilikumbuka jambo ambalo kila mfugaji wa Kenya apaswa kulijua. Mwaka 1930, huko Naivasha tunakokutazama kutoka ukingoni kwetu, wana-kondoo wachanga walianza kufa kwa wingi katika shamba moja, na mama zao wakatupa mimba. Wachunguzi Daubney, Hudson na Garnham waliandika habari zake mwaka 1931, wakaonyesha kwamba ni ugonjwa mpya wenye virusi vyake. Ndio ugonjwa uitwao homa ya Bonde la Ufa. Mbu huueneza baada ya mvua kubwa, na binadamu huweza kuupata kwa kugusa damu au mimba iliyotupwa. Mlipuko wa mwaka 2006 hadi 2007 uliua watu zaidi ya 150 katika Kenya peke yake.

Kwa hiyo nilimfungia yule jike mbali, nikawakataza watoto kukaribia, nikampigia simu ofisa wa mifugo. Alikuja akiwa na glavu na buti, akachukua alichotaka kupima, akaamuru tuzike kila kitu kwa kina. Siku 9 zilizofuata zilikuwa ndefu. Kila asubuhi nilihesabu kondoo, kisha nikahesabu wanangu. Majibu yalipokuja, hayakuwa homa ile, na hakuna jike mwingine aliyetupa. Sababu haikujulikana. Lakini glavu tulizonunua wakati huo bado zimetundikwa mlangoni mwa banda, wala hatumsaidii jike yeyote bila kuzivaa.

Hasara baada ya mvua

Mei ilikuwa mwezi wa furaha. Saa za jioni, jua likikaribia kuzama, wana-kondoo wote hukusanyika wakashindana mbio kutoka mti hadi ukuta na kurudi, wakiruka miguu yote minne kwa pamoja. Majirani husimama njiani kutazama. Karo husahaulika kwa muda.

Katikati ya mwezi mbwa waliingia usiku wakaua mmoja. Walipitia tundu la uani nililoliona tangu Pasaka, nikasema nitaliziba kesho. Juni alikufa mwingine kwa minyoo. Fizi zake zilikuwa nyeupe kama karatasi, na uvimbe umetokea chini ya taya. Jike anaponyonyesha, mwili wake hulegea mbele ya minyoo, naye hutapakaza mayai mengi malishoni. Watoto humeza mabuu yanayoanguliwa humo pamoja na majani yao ya kwanza. Yafaa mama wapewe dawa wakati wa kuzaa, na watoto walishwe mahali ambapo kondoo hawakupita karibuni. Kondoo wekundu wa Kimasai hustahimili minyoo ya tumbo kuliko Dorper, na jambo hilo lilithibitishwa kwa uchunguzi uliofanywa Diani, pwani ya Kenya, miaka ya 1990. Lakini wangu si wekundu, na dawa niliyoinunua ilikuwa rafuni, ikisubiri nipate nafasi.

Hesabu ya mwisho

Mwisho wa Julai niliketi na daftari. Majike 16: mmoja hakushika mimba, mmoja alitupa, 14 walizaa. Watoto waliozaliwa 19, kwa kuwa 5 walizaa mapacha. Waliokufa 5. Walioachishwa ziwa 14. Mama aliyekufa 1.

Zamani ningesema, "Mwaka huu tulipata bahati mbaya kidogo, lakini Mungu ametujalia 14." Daftari halikuniruhusu. Lilisema: mmoja kwa usingizi, mmoja kwa kuchelewa kumwita jirani, mmoja kwa kutokagua kiwele, mmoja kwa tundu la uani, mmoja kwa dawa iliyokaa rafuni. Na Bibi kwa haki yangu ile ya kugawa sawasawa. Ajali haina kinga, ni kweli. Lakini katika vifo 6 sikuona hata kimoja ambacho ningeweza kukiita ajali bila kuona haya.

Haya hayakunivunja moyo. Jambo lisilo na sababu humfunga mtu mikono, lakini jambo lenye sababu humpa kazi ya kufanya. Msimu wa 2025 niliwatenga wenye mapacha na kuwaongezea chakula tangu Februari, nikakagua viwele, nikaziba ua, nikatoa dawa kwa wakati. Tulipoteza wawili. Wawili si sifuri, wala mfugaji anayekuahidi sifuri usimwamini.

Limebaki jambo moja. Yule dume yatima wa Bibi alilelewa jikoni, karibu na moto, hata watoto wakamwita Jiko. Binti yangu alimnywesha kwa chupa mara 5 kwa siku, baadaye 3, baadaye 2, naye akimfuata mpaka kwenye lango la shule. Alikua, akawa mkubwa kuliko wengi walionyonya mama zao. Lakini alikuwa dume, na madume wote 8 walikuwa wa karo. Nilitafuta njia ya kumwambia mtoto, nisiione. Mwishowe akaniambia yeye, "Baba, najua Jiko naye ataenda. Kaka hana karo nyingine."

Tarehe 14 Desemba 2024 gari la mnunuzi lilikuja. Binti yangu alimwongoza Jiko mwenyewe, bila kamba, kwa kuwa kamba hakuijua. Hakulia mbele yetu. Jioni aliomba daftari, na kwa kuwa lilikuwa lake tangu mwanzo sikuweza kumnyima. Akaandika chini ya mstari wa mwisho, kwa mwandiko wake wa darasani: "Jiko. Alizaliwa 9 Aprili. Mama yake ni Bibi. Alinywa chupa siku 70. Hakuugua. Amelipa karo."